Majina ya Vitu vya Uchina: Tahakiki ya Jedwali la Needham

Joseph Needham alipotoa juzuu ya kwanza ya Science and Civilisation in China mwaka wa 1954, aliweka ndani yake jedwali ambalo hutajwa hata na watu wasiopata kuzifungua kurasa nyingine za juzuu hiyo. Jedwali lenyewe linaorodhesha vyombo na ufundi uliotoka Uchina ukafika Ulaya, na mbele ya kila kimoja pameandikwa idadi ya karne zilizopita kati ya siku kilipojulikana Uchina na siku kilipojulikana Ulaya. Karatasi imeandikiwa karne 10. Wilbaro, ambayo Wakenya waliisikia ikitajwa mpaka wakachoka katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2022, imeandikiwa karne 9 au 10. Kishada kimo, baruti, dira na chapa zimo karibu na mwisho, vyombo vya kauri ndivyo vinavyofunga orodha. Vitu hivi vimepangwa kwa herufi za Kilatini kuanzia a hadi z, na mtungaji anaeleza kwamba ameishia hapo kwa kuwa herufi zimemalizika ingawa vitu havijamalizika. Baada yake kuna orodha nyingine, fupi mno, ya vitu vilivyosafiri kinyume, kutoka Magharibi kwenda Uchina. Humo mna vinne tu, na cha kwanza ni parafujo.

Makala haya yanakusudia kulitazama jedwali hilo kwa jicho la msomi wa Kiswahili. Hayakusudii kubisha kwamba vitu hivyo vilibuniwa Uchina. Wenye ujuzi wa mambo hayo wamekwisha kuyapima, na kwa sehemu kubwa wameyakubali. Swali letu ni jingine: orodha ya aina hii hutuambia nini juu ya namna ustaarabu mmoja unavyouneemesha mwingine, na hunyamazia nini? Nitadai kwamba jedwali la Needham lina ncha mbili na halina kati. Kwamba msamiati wa Kiswahili, ambao Needham hakuwa na sababu ya kuuchungulia, ni ushahidi mzuri wa hiyo kati. Na kwamba hesabu ya namna hiyohiyo, ikigeuzwa upande wake wa pili, ndiyo iliyotumiwa kwa miaka mingi kuwanyima Waswahili miji yao wenyewe.

Yafaa kwanza tumtendee haki mtungaji. Needham alikuwa mtaalamu wa biokemia huko Cambridge, na Kichina alikianza utu uzimani, baada ya wanasayansi vijana wa Kichina, miongoni mwao Lu Gwei-Djen, kuwasili katika chuo hicho mwaka wa 1937. Wakati wa vita alikaa Uchina miaka kadhaa, akarudi na shehena ya vitabu, akaanza kuandika akisaidiwa na Wang Ling. Wazungu wengi wa siku hizo waliamini kwamba sayansi ilizaliwa Ugiriki, ikalala usingizi, kisha ikaamkia Italia. Jedwali la mwaka 1954 lilikuwa jibu kwa majivuno hayo, na jibu lilihitaji kuwa fupi na kuwa na tarakimu. Isitoshe, katika juzuu hiyohiyo Needham ameandika kurasa nyingi juu ya njia za misafara, juu ya Waarabu, Wahindi na Waajemi. Tatizo ni kwamba kurasa hizo hazikumbukwi. Lililobaki vichwani mwa watu ni jedwali, na ndani ya jedwali njia zote hizo zimemezwa na tarakimu moja.

Orodha ya namna hii ina ukoo. Mwaka wa 1620 Francis Bacon, katika Novum Organum, alitaja mambo matatu ambayo kwa maoni yake yaliubadilisha uso wa dunia, yaani chapa katika elimu, baruti katika vita, na dira katika ubaharia. Akaongeza kwamba asili yake haijulikani vyema. Hakujua kwamba alikuwa anaisifu Uchina. Karne tatu baadaye, mwaka wa 1925, Mmarekani Thomas Francis Carter aliandika kitabu juu ya asili ya chapa Uchina, na humo karatasi ikaungana na yale matatu. Hatimaye Wachina wenyewe wakaichukua hesabu hiyo ya nne na kuwafundisha watoto wao shuleni, na tarehe 8 Agosti 2008, katika ufunguzi wa michezo ya Olimpiki mjini Beijing, ikaigizwa uwanjani mbele ya ulimwengu mzima. Msomaji aone lililotokea hapo. Vitu vinne vilichaguliwa kwa sababu viliitikisa Ulaya, kisha vikarudishwa Uchina kama kipimo cha Uchina. Mtu msomi wa zama za Song angeulizwa ni jambo gani la nchi yake linalostahili kuigwa na mataifa, sidhani kama angeitaja baruti kwanza. Yamkini angeitaja mitihani ya kuwachagua watumishi wa serikali, au hariri, au chai. Anayeshinda kwa orodha huwa amekwisha kukubali kipimo cha mwenziwe.

Sisi Waafrika tunaujua uchungu wa kipimo hicho. Kwa muda mrefu tuliambiwa kwamba hatukubuni kitu. Aimé Césaire wa Martinique, katika Cahier d'un retour au pays natal kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 1939, aliitwaa kejeli hiyo, pamoja na baruti na dira yake, akaigeuza kuwa sifa ya watu wake. Cheikh Anta Diop alishika njia nyingine: katika Nations nègres et culture, kilichochapishwa mwaka uleule wa 1954, aliidai Misri ya kale na ustaarabu wake kwa ajili ya watu weusi. Mmoja aliikataa hesabu, mwingine aliijaza. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo niliwahi kuwasikiliza wanafunzi wawili, mmoja wa Ulaya na mmoja wa Asia, wakishindana kwa orodha za namna hii tangu chakula cha mchana hadi magharibi. Kila mmoja alikuwa na tarehe zake. Hakuna aliyemuuliza mwenziwe kitu hicho kilipita mikononi mwa nani.

Hata fahari zetu za karibuni hazivumilii hesabu hiyo. M-Pesa, iliyoanzishwa Kenya mwaka wa 2007, hutajwa siku hizi kila Mkenya anapotaka kuonyesha kwamba nchi yake nayo imeupa ulimwengu kitu. Na kweli imeupa. Lakini fedha za majaribio na sehemu kubwa ya ufundi zilitoka Uingereza, neno pesa lilitoka Bara Hindi, na desturi ya kumtumia fedha mama aliyeko mashambani ilikuwa ya wananchi wenyewe kabla ya simu kuja. Katika jedwali la Needham kitu kama hicho kingeandikwa chini ya jina la nani?

Sasa tuyatazame maneno.

Karatasi ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, qirtas, nacho kikalipata kutoka Kigiriki, khartes. Neno hilo limo katika Kurani, Suratul An'am, aya ya 7 na ya 91. Yaani Waarabu walikuwa nalo karne moja na zaidi kabla karatasi ya Kichina haijawafikia. Basi lilikuwa na maana gani? Lilikuwa jina la kitu cha kuandikia kilichotengenezwa kwa mafunjo ya Mto Nili, mafunjo yaleyale yanayoota kandokando ya Ziwa Naivasha. Cai Lun, ofisa wa jumba la mfalme, alimpelekea mfalme wake taarifa ya utengenezaji wa karatasi mwaka wa 105, ingawa vipande vilivyofukuliwa Fangmatan mwaka wa 1986 vinaonyesha kwamba ufundi wenyewe ulikuwapo karne kadhaa kabla yake. Ufundi huo ulikwenda magharibi, ukafika Samarkand na Baghdad katika karne ya 8, ukavuka hadi Uhispania na Italia. Kila ulikofika, uliyakuta majina yaliyokwisha kuwapo ukavikwa hayo. Kiajemi na Kihindi wanasema kaghaz na kagaz. Sisi hatukulichukua hilo. Tulichukua jina la mafunjo.

Ukishika nakala ya utendi mmojawapo wa Pate au Lamu iliyoandikwa katika karne ya 18 au ya 19, aghalabu utaona kwamba karatasi yake ni ya viwanda vya Ulaya, yenye alama ya maji inayoonekana ukiinyanyua mbele ya mwanga. Hebu tuihesabu karatasi hiyo moja. Ufundi ni wa Uchina. Jina ni la mmea wa Afrika lililozunguka Ugiriki na Uarabuni kabla ya kurudi Afrika. Kiwanda ni cha Ulaya. Hati ni ya Kiarabu. Lugha ni ya Kibantu. Na tungo ni ya Mswahili wa Pate. Jedwali la Needham linasema: karatasi, karne 10.

Baruti ina mafumbo yake. Maelezo ya Kichina ya kuichanganya yamo katika kitabu cha kijeshi cha mwaka 1044. Kwa Waarabu neno barud lilianza kuwa jina la shura, ile chumvi inayoipa baruti nguvu, na Ibn al-Baytar, tabibu aliyefariki Damascus mwaka wa 1248, anaeleza kwamba Misri shura iliitwa theluji ya Uchina. Hapo, kwa muda mfupi, jina la nchi lilisimama pamoja na kitu chake, kisha likaanguka. Na sisi je? Kiswahili kinapochukua neno la Kiarabu linaloishia kwa sauti d, kwa kawaida huihifadhi sauti hiyo: baridi, hasidi, juhudi. Hatusemi barudi, bali baruti, na sauti hiyo ya t inafanana na Kiajemi na Kituruki kuliko Kiarabu cha vitabuni. Yamkini basi neno hili lilitufikia kwa vinywa vya mabaharia na askari, wala si kwa wanachuoni. La ajabu zaidi ni hili: Mombasa iliteketezwa na Wareno wa Francisco de Almeida mwaka wa 1505, na mizinga yao watu waliisikia vizuri sana, lakini neno la Kireno la baruti halikushika. Kutoka kwa Wareno tulichukua meza, leso, bendera, gereza na, ndiyo, parafujo, kile kitu cha kwanza katika orodha fupi ya Needham ya vitu ambavyo Uchina ilivipokea. Kupigwa kwa kitu na kufundishwa kitu ni mambo mawili, na lugha huyatenga.

Dira ni neno la mabaharia, nalo ni la jamaa ya duara. Limepewa chombo kwa sababu ya umbo la uso wake. Shen Kuo aliiandika sindano yenye sumaku mnamo mwaka wa 1088, na muda usiozidi miaka 40 baadaye mwandishi mwingine wa Kichina akataja manahodha wanaoitegemea pindi mbingu inapofunga. Huko Ulaya Alexander Neckam aliitaja mnamo mwaka wa 1190. Waarabu, ambao kila mtu angedhani ndio waliobeba habari hiyo kutoka mashariki hadi magharibi, maelezo yao ya wazi ni ya mwaka 1282, yakihusu safari ya mwaka 1242. Hapa hata njia yenyewe haijulikani; tarakimu ya Needham inapima muda wa safari ambayo hakuna aliyeiona. Lakini jambo linalonivutia mimi katika neno hili ni lile walilolifanya Waswahili wenyewe. Chombo cha nahodha kimekuwa wazo. Tanzania ilikuwa na Dira ya Taifa ya Maendeleo ya 2025. Idhaa ya BBC ina Dira ya Dunia. Mwanasiasa asiye na dira hulaumiwa na watu ambao hawajapata kukanyaga sitaha ya jahazi. Kukipokea kitu ni kazi pia, na kazi hiyo haina safu katika jedwali.

Juu ya chapa na chai nitasema machache. Chapa ni ya Kihindi, na kwetu imekusanya maana nyingi, tangu ya kupiga kitabu hadi ya alama ya bidhaa. Katika miaka ya 1960 Beijing ilikuwa ikitoa vitabu vya Kiswahili kwa wingi: nchi iliyoanza kupiga chapa ikitupigia chapa kwa lugha yetu, kwa neno tulilopewa na Wahindi. Chai ni neno la Kichina hasa, na pengine ndilo neno la Kichina tulitumialo mara nyingi kuliko yote, lakini lilitufikia kwa Waajemi na Wahindi. Mche wenyewe uliletwa Limuru mwaka wa 1903 kutoka Bara Hindi. Maana ya pili ya chai, ile ya ofisini, haidaiwi na nchi yoyote.

Hariri, kishada, tiara: kila moja lingestahili maelezo. Nayaacha, kwa kuwa kuna maneno matatu yanayobeba uzito zaidi.

La kwanza ni sinia. Kila Mswahili amewahi kula katika sinia moja na wenziwe. Neno hili ni la Kiarabu, siniyya, na maana yake ya asili ni kitu cha Kichina, kwani Uchina kwa Kiarabu ni Sin. Lakini sinia tulijualo sisi ni la shaba au la bati, lililofuliwa na wahunzi wa Uarabuni au Bara Hindi. Basi hapa tuna jina la Uchina lililotua juu ya chombo ambacho Uchina haikukitengeneza.

La pili ni kauri. Kwa Kiswahili cha leo vyombo vya kauri ndivyo vile vyombo vyeupe ving'aavyo ambavyo Needham aliviweka chini ya herufi ya mwisho. Kauri hata hivyo ni jina la kombe la baharini, na neno lenyewe lina asili ya Kihindi. Vyombo hivyo vimeitwa kwa jina la kombe kwa sababu ya mng'ao wake. Wataliano, bila kushauriana nasi, walifanya jambo lilelile: porcellana lilikuwa kombe kabla ya kuwa sahani. Watu wawili waliosimama katika ncha mbili za biashara moja walikitazama kitu cha Mchina, na kila mmoja akakumbuka bahari.

La tatu ni sini, na hili ndilo linalonisikitisha. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anapohesabu fahari ya matajiri wa Pate iliyoangamia, anaitaja sini kuwa miongoni mwa mapambo ya nyumba zao. Sini ni vyombo vya Kichina, vinaitwa kwa jina la nchi yao. Yaani zamani washairi wa kaskazini mwa pwani walikuwa na neno lililokiunganisha kitu na asili yake, na msikilizaji alilielewa. Kiswahili sanifu kimeliacha. Tumebaki na sinia, ambalo lina jina bila kitu, na kauri, ambacho ni kitu bila jina.

Na kitu chenyewe kilikuwapo kwa wingi ulioje! James Kirkman alipoanza kuchimba Gedi mwaka wa 1948 alikipata katika nyumba, misikiti na visima. Neville Chittick alikipata Manda katika tabaka za karne ya 9. Mabakuli ya Kichina yametiwa katika nguzo za makaburi huko Mambrui na Kunduchi. Mortimer Wheeler alipoitembelea pwani ya Tanganyika mwaka wa 1955 alishangaa kiasi cha kusema kwamba historia ya nchi hiyo, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa vigae vya Kichina. Karibuni zaidi zimepatikana sarafu za mfalme Yongle, moja Mambrui mwaka wa 2010 na nyingine Manda mwaka wa 2013. Meli za Zheng He zilifika pwani hii katika karne ya 15, na mwaka wa 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina twiga, ambaye watu wa jumba la mfalme walimwita qilin, mnyama wa baraka katika hadithi zao. Hata hivyo safari hizo zilikuwa chache na zilikoma mwaka wa 1433. Vyombo vya Gedi na Manda vilikuja kwa karne nyingi, na sehemu kubwa ilipakuliwa na kupakiwa tena katika bandari za Bara Hindi na Ghuba, Siraf na Hormuz zikiwamo, kabla ya kufika kwetu. Ndiyo maana hatuna neno hata moja la zamani lililotoka moja kwa moja katika kinywa cha Mchina.

Hapa ndipo hoja yangu inapogeuka kuelekea nyumbani. Kirkman huyohuyo, katika Men and Monuments on the East African Coast cha mwaka 1964, aliandika kwamba majengo ya kale ya pwani si mali ya Waafrika, ni ya Waarabu na ya Waajemi waliogeuka Waarabu. Aliitegemea misikiti na makaburi, na wengine waliofuata mkondo huo wakaongeza ushahidi wa lugha: maneno ya Kiarabu ni mengi mno, basi ustaarabu ni wa Waarabu. Hesabu hii ni ya Needham iliyogeuzwa. Yeye alikitazama kitu bila kuuliza kimepitia wapi. Hawa walilitazama jina bila kuuliza kitu kimetoka wapi. Lau tungehesabu vigae, Gedi ungekuwa mji wa Wachina, na hakuna msomi aliyewahi kudai upuuzi huo. Lau tungehesabu maneno, Wachina hawakutupa chochote, na ardhi ya Gedi inatukanusha. Ikiwa hesabu ya kwanza ni upuuzi kwa vigae, ya pili inakuwaje elimu kwa maneno?

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba maneno ya Kiarabu katika Kiswahili si ya Kiarabu, wala siungi mkono wale ambao, kwa hasira ya haki dhidi ya Kirkman na wenziwe, wangependa kuyafuta. Hao nao wameikubali hesabu ileile. Wameona deni, wakataka kuchana daftari. Derek Nurse na Thomas Spear, katika The Swahili cha mwaka 1985, walionyesha kwa sarufi na kwa msamiati wa msingi kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda na Kipokomo, na James de Vere Allen akaitetea asili ya Kiafrika ya miji kwa njia yake mwenyewe, yenye ubishi mwingi. Kazi hizo zinatosha kwa swali la asili. Swali lililobaki ni la mapokezi, na katika swali hilo Mwarabu anastahili kutajwa kwa heshima kama mkono uliokabidhi, pamoja na Mwajemi, Mhindi, na yule baharia asiye na jina aliyetuletea ile sauti ya t katika baruti.

Huenda mtu akapinga kwamba majina ni vibandiko tu, na kibandiko hakibadilishi bidhaa. Nakubali kwamba hakiibadilishi. Lakini kibandiko hutuambia ni nani aliyesimama dukani, na hilo ndilo swali letu. Mfano uko mbele ya macho yetu. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa Uchina kati ya 1970 na 1975. Ile ya Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa na kampuni ya Kichina, ilianza kubeba abiria mwaka wa 2017. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius tangu mwaka wa 2005, na idhaa ya Kiswahili ya Beijing imekuwa ikitangaza tangu 1961. Licha ya hayo yote, abiria hukata tiketi, hukaa stesheni, hupanda treni ipitayo juu ya reli, na hata jina la njia yenyewe hulitaja kwa herufi tatu za Kiingereza. Mwanahistoria wa karne zijazo akihesabu maneno, ataandika kwamba reli hiyo ilijengwa na Waingereza.

Lipo jambo la kutendwa, nalo linaihusu idara yetu. Kamusi zetu, tangu ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, huweka mbele ya neno alama moja ya lugha lilikotoka, kisha hunyamaza. Kwa sinia alama hiyo ni ya Kiarabu, na ni sahihi, na haimwambii msomaji lolote. Kidahizo cha sinia kingepaswa kusema: neno, Kiarabu, maana ya asili, kitu cha Kichina, kitu, cha wahunzi wa Uarabuni na Bara Hindi. Kidahizo cha kauri kingefuata, kikielekeza kwenye sini. Na cha sini kikielekeza kwenye Al-Inkishafi na kwenye makabati ya vyombo yaliyomo katika jumba la makumbusho la Fort Jesus. Kabla ya hapo kuna kazi ya miguu. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na zidaka ukutani za kuwekea vyombo hivi, na kila umbo, la bakuli, la kuzi, la sahani, lilikuwa na jina lake kwa wenye nyumba. Wazee wanaoyajua majina hayo huko Siyu na Faza si wengi tena. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, akipewa nauli ya mashua na daftari, angeweza kuianza kazi hiyo katika likizo ya Agosti.